Kwa nini michezo ya kukimbia isiyo na mwisho haiachiki?

Mama_Lanet, Nakuru (swali)

Hamjambo wanajukwaa. Nina swali ambalo limenisumbua tangu likizo ya Aprili ianze, na ningependa lijibiwe na watu wanaoijua michezo ya simu kwa undani, kwa maana nikiuliza hapa mtaani huambiwa tu kwamba watoto wa siku hizi wameharibika.

Mwanangu yuko Gredi ya Saba. Katika simu tunayomwachia nyumbani kuna michezo mitatu: wa mpira, wa kulima shamba, na mmoja wa kijana anayekimbia bila kusimama, akiruka vizuizi na kukwepa magari huku akifukuzwa. Ile miwili ya kwanza huicheza mpaka akachoka mwenyewe, akaiweka simu kando na kutoka nje. Huu wa kukimbia ndio unaonishinda. Nikimwita mezani hunijibu, "Mama, hii tu nimalize," na nikimwita tena baada ya kitambo hunijibu maneno yale yale. Nimeketi karibu naye nikautazama kwa makini. Hauna hadithi, hauna mshindi, na kila mbio, iwe nzuri au mbaya, huishia kwa kugonga kitu. Anashindwa kila mara, na kushindwa huko ndiko kunakomfanya abonyeze tena. Shemeji yangu, mtu mzima mwenye duka lake pale Free Area, akija jioni huomba aonjeshwe kidogo, na chai hupoa mbele yake akiwa ameishika simu hiyo kwa mikono miwili.

Siulizi namna ya kumnyang'anya mtoto simu, kwa sababu hilo naliweza. Nauliza ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya mchezo usio na mwisho, ambacho hakimo katika ule wa mpira, na kama wanaoutengeneza wanajua wanachokifanya. Nikikielewa kitu chenyewe, nitajua pa kuushika.

Fundi_Programu, Kisumu

Mama Lanet, nimefurahi kwamba umeuliza kilichomo ndani, kwa kuwa watu wengi huishia kwenye lawama. Mimi hutengeneza programu za simu hapa Kisumu, na nimewahi kuisoma michezo ya aina hii mstari kwa mstari ili nijue inavyosimama. Kuhusu swali lako la mwisho, ndiyo, wengi wanajua, ingawa si wote walioanza kwa nia ya kumtega mtu.

Aina hii ya mchezo ilipata umbo tunalolijua mwaka 2009, Mmarekani Adam Saltsman alipotoa Canabalt, ambamo mtu hukimbia juu ya mapaa ya majengo na mchezaji ana kazi moja tu, kubonyeza ili aruke. Mwaka 2011 ikaja Temple Run, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya mume na mke, Keith Shepherd na Natalia Luckyanova. Ilianza kwa kuuzwa kwa senti 99 za Marekani, kisha ikafanywa ya bure, na hapo ndipo ilipoenea. Mwaka 2012 Wadenmaki wa kampuni za Kiloo na SYBO wakatoa Subway Surfers, ambayo mwaka 2018 ilikuwa mchezo wa kwanza kupakuliwa zaidi ya mara bilioni moja katika duka la Google Play. Nayataja haya kwa haraka ili uone kwamba ule wa nyumbani kwako umetoka katika ukoo mkubwa, na ukoo wote una mifupa ileile.

Mifupa hiyo naweza kukuonyesha kwa mfano ambao kila Mkenya aliyeishiwa na bando amekutana nao: yule dinosau wa kivinjari cha Chrome anayetokea intaneti inapokatika. Google waliuweka mchezo huo mwaka 2014, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Hauna matangazo wala sarafu, na hauuzi chochote, kwa hiyo unakuonyesha mvuto ukiwa mtupu, kabla biashara haijaongezwa juu yake.

Kasi ya dinosau huanzia 6. Kila picha inapochorwa upya kwenye kioo, ambayo kwa kawaida ni mara 60 kwa sekunde, kasi huongezwa kwa 0.001, mpaka ifike 13, ambapo husimama. Ukipiga hesabu, kutoka 6 hadi 13 ni takriban dakika mbili. Nyongeza ni ndogo kiasi kwamba macho hayaioni. Mchezaji haambiwi kwamba sasa mambo yamekuwa magumu, na hapewi hatua ya pili ambayo angeweza kusita mlangoni pake. Anajikuta tu vidole vyake vinafanya jambo ambalo dakika moja iliyopita visingeliweza. Miiba ya jangwani huja kwa nasibu, lakini nasibu yenyewe imewekewa mipaka: aina moja ya kizuizi haiji zaidi ya mara mbili mfululizo, na ndege warukao hawatokei kabla kasi haijafika 8.5. Kwa maana hiyo hakuna mbio mbili zinazofanana, na hakuna mbio ambazo mtu anaweza kudai kwamba ameonewa. Kila alama 100 mlio mfupi husikika na namba humetameta. Ukifika 700, mchana hugeuka usiku.

Halafu dinosau anagonga. Hapa, Mama, ndipo ningependa utazame kwa makini kuliko pengine popote. Baada ya kugonga, mchezo hupuuza bonyezo la kuruka kwa muda mfupi sana, ili mchezaji asiuanzishe upya kwa bahati mbaya wakati kidole bado kinahangaika. Muda huo ukiisha, bonyezo moja linamrudisha mbioni. Hakuna ukurasa wa matokeo, hakuna kusubiri mchezo ufunguke, hakuna swali la kujibu. Linganisha na mchezo wa mpira: kipenga hupigwa, matokeo huonyeshwa, timu huchaguliwa upya, uwanja hufunguliwa. Katikati ya hayo yote mtoto hupata nafasi ya kuinua macho, kusikia harufu ya chakula na kukumbuka kwamba aliitwa. Mchezo wa kukimbia umeziba nafasi hiyo mpaka imebaki kama sekunde moja tu.

Sasa juu ya mifupa hiyo, michezo ya biashara huongeza nyama. Kuna sarafu za kuokota njiani, masanduku ambayo hujui yana nini mpaka uyafungue, kazi za leo ambazo kesho hazipo, na funguo za kumfufua mkimbiaji pale pale alipoangukia. Katika Subway Surfers, ufufuo wa kwanza katika mbio moja hugharimu ufunguo mmoja, wa pili funguo mbili, wa tatu nne, na bei huendelea kujirudufu hivyo. Uamuzi huo huombwa ndani ya sekunde chache, mapigo ya moyo yakiwa bado juu.

Kwa hiyo mwanao akikuambia anamalizia, hakudanganyi. Yeye anazungumzia mbio anazokimbia sasa, wewe unafikiria mchezo mzima, na mchezo umejengwa ili mbio moja iingie ndani ya nyingine bila mshono kuonekana.

Saikolojia_Maseno, Kisumu

Ninasomea saikolojia na ningependa kuendeleza hapo alipoachia Fundi, kwa sababu ameeleza mashine vizuri, lakini upande wa pili wa mashine kuna mtu.

Mama, umesema jambo zito katika swali lako bila kulitilia mkazo: kwamba kushindwa ndiko kunakomfanya abonyeze tena. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti kuhusu kukosa kwa nusura, yaani kule kukosa ambako mtu huona alibakiza kidogo tu apate. Walitumia mchezo unaofanana na mashine za kamari. Washiriki walisema kukosa kwa nusura kuliwaudhi kuliko kukosa kabisa, na bado kuliwaongezea hamu ya kuendelea kucheza. La kuzingatia zaidi ni kwamba hamu hiyo iliongezeka pale mshiriki alipojichagulia mwenyewe. Kompyuta ilipomchagulia, haikuongezeka.

Ukilitazama hilo kando ya mchezo wa kukimbia utaona kwa nini unashika kuliko ule wa mpira. Katika mpira unaweza kumlaumu refa, kipa au mwenzako. Katika kukimbia, kila anguko limetokana na kidole chako mwenyewe kilichochelewa kidogo, na mara nyingi unakiona kizuizi, unajua ulichopaswa kufanya, na mwili unakuambia kwamba ungefaulu. Kila mbio huishia kwa nusura. Mchezo hauna njia nyingine ya kuisha.

Jambo la pili ni la zamani zaidi. B. F. Skinner, aliyefanya majaribio kwa panya na njiwa, alionyesha pamoja na Charles Ferster katika kazi waliyoichapisha mwaka 1957 kwamba mnyama anayelipwa baada ya idadi ya majaribio isiyotabirika hufanya bidii kubwa na ya mfululizo, na malipo yakikomeshwa hukawia sana kuacha kuliko yule aliyezoea kulipwa kila mara. Yale masanduku aliyoyataja Fundi yamejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Hata bila masanduku, rekodi yako mwenyewe ni malipo yasiyotabirika: hujui ni mbio zipi zitakazoivunja, unajua tu kwamba haziko mbali.

Naomba pia nitahadharishe kuhusu dopamini, kemikali ya ubongo, kwa sababu neno hili sasa limekuwa jibu la kila kitu. Ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti wa London waliwapima wanaume wanane wakicheza mchezo wa kuendesha kifaru na kuona dalili kwamba dopamini ilikuwa ikitolewa katika ubongo wao. Lakini dopamini hufanya kazi pia mtu anapokula na anapojifunza, na kuwepo kwake pekee hakumfanyi mtu awe mraibu. Kazi ya Wolfram Schultz na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1997 kutokana na majaribio kwa nyani waliopewa maji ya matunda, inatufaa zaidi. Walionyesha kwamba seli za ubongo zinazotoa dopamini huitikia hasa tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Malipo yakishatabirika, mwitikio wake hupungua. Mchezo ambao kila mbio ni mpya, kasi yake inapanda na zawadi zake hazijulikani, huifanya tofauti hiyo isitulie kamwe.

Boda_Kondele, Kisumu

Nimesoma majibu yote na ninayaheshimu, ila naona mmeuzungumzia mchezo kama mtego mtupu, na mimi ninayeucheza sikubaliani kabisa.

Kazi yangu ni bodaboda, na sehemu kubwa ya kazi hii, ambayo watu hawaioni, ni kusubiri. Asubuhi na jioni abiria wapo, lakini kati ya saa nne na saa tisa mtu anaweza kuketi juu ya pikipiki mpaka akasinzia, na wengi wanaosinzia jua likiwa kali hupandisha abiria macho yakiwa mazito. Mchezo huu unaingia vizuri katika nafasi ndogo kama hiyo. Abiria akitokea, natia simu mfukoni, na hakuna nilichopoteza, kwa kuwa hakuna hadithi niliyoikatiza. Mnasema hauna mwisho kana kwamba ni kasoro. Kwangu mimi maana yake ni kwamba unaweza kuuacha popote.

Tena kuna ujuzi ndani yake, na ujuzi una raha yake. Mwanzoni nilikuwa natazama miguu ya mkimbiaji. Baadaye nilijifunza kuangalia mbali, juu kabisa ya kioo, ambapo vizuizi huanza kuonekana vikiwa vidogo, na kukiacha kidole kiyashughulikie yaliyo karibu. Protekta ya simu yangu imepata weupe upande wa kulia, umbo la msalaba, kule kidole gumba kinakopita juu, chini na kando. Mbio zikikolea, kelele zote za Kondele, makanga wanaoita abiria na honi za matatu, husikika kama ziko mbali, na mikono hufanya kazi yenyewe. Sijui niuite nini wakati huo, ila si huzuni wala si ulevi.

Halafu tuwe waangalifu tusiuchanganye na kamari. Hapa stendi kuna vijana wanaocheza ule wa kindege kinachopaa na kutoweka na pesa zao, na wapo walioucheza mpaka mafuta ya siku hiyo yakakosekana. Mchezo wangu hauchukui shilingi yangu, na nikishindwa najua kwa nini.

Saikolojia_Maseno, Kisumu

Ndugu Boda, hali uliyoieleza imechunguzwa kwa miaka mingi na mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, ambaye tangu miaka ya 1970 aliandika kuhusu wapanda milima, wachezaji wa chesi, madaktari wa upasuaji na watu wengine wanaozama katika kazi mpaka wasihisi saa zikipita. Alitaja masharti yake: lengo liwe wazi, jibu lipatikane papo hapo, na ugumu ulingane na uwezo. Ile nyongeza ya 0.001 aliyoitaja Fundi hutimiza sharti la tatu kwa usahihi ambao mwalimu wa binadamu hauwezi. Kwa hiyo nakubali kwamba unachokipata ni halisi na ni kizuri.

Ninachokuomba ukifikirie ni hiki. Kasi hufika kikomo na kusimama. Mtu aliyekwisha kuimudu kasi hiyo hana tena kikubwa cha kujifunza, na kuanzia hapo alama zake hupanda kwa sababu ya vizidishi, funguo na muda aliokaa. Mchezo unaendelea kumsifu kwa milio ileile, kana kwamba bado anapanda. Wewe una abiria anayekukatiza, na ni bahati njema. Kijana wa likizo aliyeketi kwenye kochi hana anayemkatiza ila mama yake, na mama amegeuzwa kuwa adui wa mbio.

Mshauri_Kakamega

Mama Lanet, mwenzangu, mimi ni mwalimu na kazi yangu shuleni ni ushauri nasaha, kwa hiyo kesi za aina hii huletwa kwangu kila muhula unapofunguliwa. Naanza na kukutuliza kidogo, kwa sababu katika mjadala huu neno uraibu limetajwa kwa wepesi.

Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa unaotokana na michezo ya kidijitali. Umo katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Lakini masharti yake ni mazito. Mtu awe ameshindwa kuudhibiti uchezaji wake, mchezo uwe umetangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na aendelee au azidishe hata baada ya madhara kuonekana, kwa kiwango kinachovuruga familia, masomo, kazi au urafiki, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa muda usiopungua miezi 12. Mtoto anayechelewa mezani wakati wa likizo hajafika huko. Yule ambaye muhula mzima hakulala vizuri, ameacha kucheza na wenzake, anadanganya kuhusu simu na alama zake zimeporomoka, huyo ni wa kupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, na familia isingoje miezi itimie ndipo itafute msaada.

Kuna mfano mmoja ambao huwasimulia wazazi, kwa sababu unaonyesha kwamba hata mtengenezaji anaweza kutishwa na alichokitengeneza. Dong Nguyen wa Hanoi alitoa Flappy Bird mwaka 2013, mchezo wa kindege kinachopita kati ya mabomba, nao hauna mwisho vilevile. Mwanzoni mwa 2014 ulishika nafasi za juu duniani na kumwingizia fedha nyingi za matangazo, na Februari mwaka huo huo akauondoa kwenye maduka ya programu. Alieleza kwamba alikuwa ameukusudia kwa dakika chache za mapumziko, ukageuka kuwa kitu cha kulevya. Nguyen hakuwa ameweka funguo wala masanduku. Mbio fupi, anguko lililo kosa lako mwenyewe na kuanza upya papo hapo vilitosha.

Kwa hiyo pa kuushika, kama ulivyouliza mwenyewe, ni pale penye anguko. Wazazi wengi hukata mchezo katikati ya mbio, wakati ambapo mtoto yuko katika ile hali aliyoieleza ndugu Boda, na ugomvi unaozuka wakauona kuwa ushahidi wa uraibu. Mimi hupendekeza mapatano mafupi yanayofanywa simu ikiwa imezimwa. La kwanza, akiitwa, ataruhusiwa kumaliza mbio alizo nazo. La pili, mbio hizo zikiisha zimeisha, hakuna ufunguo wala tangazo la kumfufua mkimbiaji. La tatu, akianguka, simu inawekwa juu ya meza kabla ya kuzungumza lolote. Mbio bila ufufuo kwa kawaida ni za dakika chache, na ugali hautapoa kwa kiasi cha kuleta vita. Kile ambacho mchezo umekiondoa, yaani nafasi kati ya mbio na mbio, mnakirudisha kwa mkono.

Nimeyaona mapatano haya yakifaulu katika nyumba ambazo mzazi pia anayafuata. Shemeji yako naye ayafuate, kwa sababu mtoto hatakubali kwamba anguko lake ni la mwisho huku mjomba akifufuka kila mara.

Mama_Lanet, Nakuru

Nawashukuru nyote, na hasa kwa kutonijibu kwa hadithi za kuogofya. Jibu la Fundi limenifungua macho, kwa maana nilikuwa nikimwona mtoto ni mjeuri kila anaposema anamalizia. Na ndugu Boda, nimekuelewa. Nimeuliza mwanangu anatazama wapi kwenye kioo anapokimbia, akanionyesha kule juu, akanifafanulia kwa furaha ambayo sijaiona anapozungumzia masomo. Kumbe kuna jambo analolijua na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tumefanya mapatano kama alivyoeleza Mwalimu. Mtoto ameyakubali yote isipokuwa la funguo, akisema amezikusanya kwa jasho lake na kuziacha ni hasara. Shemeji amekubali kwa shingo upande. Sasa nina maswali mawili madogo. Je, nikizima data, mchezo utapoteza nguvu? Na kile kipimo cha muda kilichomo kwenye simu kinafaa, au kitanirudisha kwenye ugomvi ule ule?

Fundi_Programu, Kisumu

Mama Lanet, ukizima data michezo mingi ya aina hii huendelea kama kawaida, kwa kuwa mbio zote huundwa ndani ya simu. Utakachokiondoa ni matangazo, na pamoja nayo ule ufufuo unaopatikana kwa kutazama tangazo, ambao ni sehemu nzuri ya kuondoa. Arifa zinazomwita mtoto arudi achukue zawadi ya leo zizime kando, katika mipangilio ya arifa ya programu yenyewe, kwani nyingine huja hata bila intaneti. Na kama simu hiyo imeunganishwa na njia yoyote ya malipo, weka sharti la kuthibitisha kila ununuzi katika duka la programu kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Kuhusu kipimo cha muda, kwenye simu za Android kimo katika mipangilio, sehemu ya Nidhamu Dijitali, ambako unaweza kuchagua programu moja na kuipangia dakika zake kwa siku. Zikiisha, programu hufungwa na alama yake hugeuka kijivu mpaka siku inayofuata. Kasoro yake ni kwamba hakiangalii kama mtoto yuko mbioni. Hukata popote kilipofikia, jambo ambalo Mwalimu amelionya. Kwa hiyo ningekiweka kiwe kirefu kuliko muda mliopatana, kiwe ukuta wa nyuma tu, na mapatano yenu yabaki ndiyo yanayoamua siku kwa siku.

Na hizo funguo, mruhusu azitumie. Mpangieni siku moja, labda Jumamosi mchana, azimalize zote katika mbio moja ndefu huku wewe au shemeji mkimtazama. Bei inajirudufu kila anapoanguka, kwa hiyo hata akiba kubwa huisha haraka, naye ataiona hesabu hiyo kwa macho yake, 1, 2, 4, 8, 16, bila mtu yeyote kumhubiria.

Boda_Kondele, Kisumu

Hiyo ya Jumamosi ni nzuri. Mama, mwambie asitumie ufunguo hata mmoja kabla kasi haijafika kikomo. Akianguka mapema, afadhali aanze mbio upya, kwa sababu kufufuka mwanzoni ni kulipa bei ya sehemu ambayo angeifikia bure. Na akitaka kunishinda, aniandikie hapa rekodi yake ya mbio zisizo na ufunguo, maana ndiyo ninayoihesabu.